Ndala za Mlangoni

Wiki moja baada ya kumwoza binti yake wa mwisho, Shemsa alifungua daftari mezani saa tatu asubuhi. Alikuwa na hadithi aliyokaa nayo kichwani kwa miaka kumi na tisa. Hadi adhuhuri alikuwa ameandika mistari minne na kuitikia hodi tano, kwa sababu mtaa mzima ulikwisha kuamua kwamba sasa ana nafasi.

Hodi ya sita ilikuwa ya jirani yake, Bi Mize, aliyeingia na ungo wa mchele.

"Shoga, tuchambue huku tukizungumza."

"Leo siwezi. Naandika."

"Barua?"

"Hadithi."

Bi Mize alicheka. "Umri huu?"

"Umri huu huu. Nikingoja mwingine, mkono utakuwa unatetemeka."

Bi Mize aliitazama ile mistari minne, akaacha kucheka. Akabeba ungo wake. Mlangoni aliinama, akaziokota ndala za Shemsa na kuziingiza ndani.

"Unaziacha nje, kila apitaye anajua upo. Mwandishi mzima, hata hilo hulijui?"

Akaurudisha mlango. Punde sauti ya wifi yake Shemsa ikasikika nje.

"Hodi! Shemsa yupo?"

"Kwani unaziona ndala zake?" alijibu Bi Mize. "Hebu njoo kwangu tuchambue mchele."

Nyayo zao zikafifia. Shemsa akazivaa ndala zake humo humo ndani, kama mtu anayeanza safari, akaketi na kushika kalamu.