Mkate wa Pembeni

"Na hicho kidogo cha nani?" nilimtania Mama Ufuta, kama kila asubuhi.

Mimi fundi viatu wa jirani, na kwenye tanuri la kina mama wahamiaji ulafi wangu unajulikana. Mikate yao inaumuka ikajaa mkono, ganda linalia ukilibonyeza. Lakini kila siku Mama Ufuta, mkandaji wao, aliviringa kimkate cha ukubwa wa ngumi ya mtoto, akakiweka pembeni na kukifunika kwa kitambaa safi.

Jibu lake lilikuwa lilelile: "Kina mwenyewe, shemeji. Mwanangu, yuko njiani na bibi yake."

Leo alinitazama tu, akakifunua, akanipa.

"Kula kingali cha moto."

Sikungoja kubembelezwa. Nilimega kipande kikubwa, ufuta ukanimwagikia kifuani, nikafumba macho kwa utamu.

"Shemeji, hiki ni balaa! Kesho niviringie kingine."

Nilipofumbua macho, wenzake wote walikuwa wameacha kazi.

"Bibi yake alifika jana," alisema Mama Ufuta, akikunja kile kitambaa. "Peke yake."

Tonge lilikuwa bado kinywani mwangu, na bado lilikuwa tamu.