Fumbeni Macho, Mjiulize

"Fumbeni macho," alisema Mwalimu Theopista. "Kila mtu ajiulize moyoni: leo nimejua nini, na wapi nimekwama? Usimdanganye mtu. Hasa usijidanganye mwenyewe."

Watoto wa darasa la nne wakafumba macho. Nje, wasukuma mikokoteni walikuwa wakigombania njia ya kwenda Sokoni Kariakoo, na jua la mchana lilikuwa limelikaanga bati la paa. Mwalimu Theopista akajibwaga kitini, naye akafumba macho. Hakupenda kuwaagiza watoto jambo asilolifanya mwenyewe.

Alikuwa amechoka, na si uchovu wa siku moja. Alfajiri alipanga foleni ya mgao duka la kaya kutafuta unga, akaambulia sabuni. Asubuhi alifundisha mkondo wa kwanza wa watoto, sasa alikuwa na wa pili, na jioni, darasani humo humo, wangemngoja wachuuzi na akina mama wa elimu ya watu wazima. Mumewe alikuwa kuli wa bandarini, zamu za usiku. Wawili hao walipishana mlangoni kama wapangaji.

Kengele ya kutoka ilipolia, alifumbua macho. Siku hizi kipindi cha mwisho kilikuwa kifupi mno.

"Haya, nani ataanza?"

Nassibu, mtoto wa muuza nazi, akasimama. "Kugawanya nimejua, Mwalimu. Ila kukiwa na mabaki, nachanganyikiwa."

"Vizuri. Anayejua alipokwama ameshafika nusu ya njia. Na wewe, Sabaha?"

"Mimi nilikwama kwenye kilo na gramu. Sasa nimeelewa."

Mwalimu Theopista alijaribu kukumbuka ni lini alifundisha kilo na gramu. Hakukumbuka. Uchovu hula na kumbukumbu, alijisemea, akawaruhusu watoto waende.

Mambo yakaenda hivyo muhula mzima. Kisha yakatoka matokeo ya mtihani wa wilaya, na darasa lake likawa la kwanza, likazipita hata shule zenye madawati ya kutosha. Walimu wenzake walimpongeza kwa midomo, macho yakisema mengine.

Haukupita muda, mkaguzi akaja. Ndugu Marcelino alikuwa mtu wa Kusini, mpole, kaunda suti yake imepauka mabegani. Alimwita Mwalimu Theopista kivulini, barazani.

"Mwalimu, watoto wako wanakaa chini. Kitabu kimoja wanakigombania mstari mzima. Alama hizi wamezipata wapi?"

"Wanajiuliza, Ndugu Mkaguzi. Kila siku nawapa nafasi wajiulize wamejua nini, wamekwama wapi."

"Kujiuliza hakujibu hesabu." Akashusha sauti. "Dada yangu, kama karatasi ya mtihani ilipita mikononi mwako kabla ya siku yake, niambie sasa. Nikishaandika, kazi huna, na mahakamani utafika."

Mwalimu Theopista alishika nguzo ya baraza. Alitaka kukasirika, nguvu ya kukasirika hakuiona. Alitaka kulia, machozi yakakataa. Ualimu ndio uliokuwa umembakiza wima miaka yote ile.

"Twende darasani," alisema. "Kawapime mwenyewe."

Watoto waliinuka, wakamwamkia kwa pamoja, wakakaa. Ndugu Marcelino akaandika ubaoni hesabu aliyoitunga pale pale, ndefu, yenye vikwazo kila pembe.

Kisha Nassibu akanyoosha mkono.

"Mimi nimekwama hapo katikati. Kwenye mabaki."

Bila kuambiwa na mtu, msichana mmoja akasogea, akamwinamia na kumnong'oneza, kidole kikichora sakafuni. Huku nako wawili wakageukiana, kule watatu. Punde darasa zima lilikuwa makundi makundi, na sauti zao hazikupita mtu wa pili. Waliojua waliwauliza wasiojua, "Umefika wapi? Umeona nini hapo?" Mikono ikaanza kuinuka, wa Nassibu ukiwamo. Jibu lilikuwa sahihi.

Mkaguzi akaandika hesabu nyingine, ngumu kuliko ile. Ikaenda kama ya kwanza.

Akaiweka chaki chini polepole, akajifuta vidole kwa leso.

"Mwalimu, nisamehe. Nilikudhania mabaya." Alikohoa kidogo. "Miaka yangu yote ya ukaguzi sijaona watoto wadogo wanaojijua hivi. Nitaandika walimu wa mji mzima waje hapa kwako, wajifunze."

Kitu fulani kikalegea kifuani mwa Mwalimu Theopista. Foleni zote, mikondo yote, miguu iliyovimba kila jioni: kumbe havikwenda bure. Aligeukia dirishani ili watoto wasimwone akijipangusa macho.

Ndugu Marcelino, sasa amechangamka, akawageukia wanafunzi.

"Haya, mmoja wenu anieleze. Mwalimu aliwafundishaje kusaidiana namna hii? Tena kwa kunong'ona?"

Watoto wakatazamana. Mwisho Sabaha akasimama, akamtazama Mwalimu wake kama anayeomba ruhusa.

Mwalimu Theopista akamtabasamia. "Sema, mwanangu. Ukweli mtupu, kama tunavyosema siku zote."

"Hakutufundisha, Ndugu Mkaguzi," alisema Sabaha taratibu. "Akishatuambia tufumbe macho, yeye analala mpaka kengele ya kutoka. Tunafundishana wenyewe, kwa kunong'ona, tusimwamshe."