Ubeti wa Kugeuka

Kwa miaka tisa, mwimbaji na mkewe walichekesha watu kwa wimbo wa yule Mgiriki wa kale aliyemtoa mkewe kuzimu, akakatazwa kugeuka, akageuka, akampoteza.

Leo mke alikuwa anasubiriwa nje na dada yake, masanduku yakiwa tayari garini. Mume akigeuka tu jukwaani, yeye apotee nyuma ya pazia kama kawaida, kisha atokee mlango wa nyuma. Ndivyo alivyokubaliana na dada yake asubuhi.

"Geuka, kaka! Geuka!" ukumbi ulipiga kelele.

Hakugeuka. Alirudisha mkono nyuma, akamkamata mkewe kifundo cha mkono hadi bangili ikamwingia nyamani, akaongeza ubeti mpya: "Safari hii sigeuki, mama, twende zetu nyumbani."

Watu wakasimama, wakashangilia kwamba mke ameokolewa.

"Niachie," mke alinong'ona. Kipaza sauti kikanasa neno hilo, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.