Shikamoo ya Mkwe

Kanuti alikuwa akiponda kokoto uani wakati kaka yake Gaudensi aliposhuka garini na kijana anayemchumbia binti wa huyo kaka. Kijana akampita Gaudensi, akainama mbele ya Kanuti.

"Shikamoo babu." Kisha akamgeukia Gaudensi. "Kumbe baba yako bado yu hai, mzee!"

Gaudensi akacheka. "Huyu mdogo wangu! Nimemzidi umri kwa miaka sita."

Kijana akatamani ardhi ipasuke immeze. Kanuti akakohoa, akatema kohozi la kijivu.

"Nilikwambia uachane na hili vumbi," Gaudensi akasema. "Linakumaliza."

"Vumbi hili ndilo lililokukalisha darasani."

"Usianze mbele ya mgeni."

"Mgeni ndiye mwenye macho." Kanuti akajifuta kiganja kwenye suruali, akanyoosha mkono. "Maisha yangu yote nimekuamkia. Lakini uzeeni nimekutangulia, na kaburini nakutangulia. Basi mkubwa ni mimi. Niamkie."

Gaudensi akafungua mlango wa gari, ila hakuingia. Mkono ule, mweupe kwa vumbi hadi kwenye kiwiko, ulibaki hewani ukimsubiri.