Mkia wa Neno

Mwaka wa tatu tangu bahari ivamie mji wao, Kinue alikwenda ofisini kujaza fomu ya kifo cha mumewe, ambaye mwili wake haukupatikana. Kucha zake zilikuwa bado na mchanga wa ufukweni.

Penye maelezo aliandika kwa Kijapani: sagashi-aguneta.

"Mama, andika tu 'nilitafuta'," karani alimwambia kwa upole. "Hiyo aguneta ya mwisho ya nini?"

"'Nilitafuta' ni ya aliyemaliza, mwanangu. Mimi nimetafuta mpaka sijui tena nitafute wapi, na kuacha siwezi."

"Nakuelewa, mama. Lakini fomu haitapokelewa hivyo."

Kinue akaikata aguneta kwa mstari mmoja, kalamu ikatoboa karatasi. Akachovya muhuri wa jina lake, ulio badala ya saini, kwenye wino mwekundu, akaugandamiza, na mkono ukakataa kuinuka.