Jiko la Mama Kwenye Skrini

Madereva wa makatapila madogo walikuwa wakifanya kazi kwa rimoti wakiwa majumbani mwao, na sheria ilikataza wasiambiwe wanabomoa kwa nani. Nyamizi alikuwa akimpakulia mumewe, mmoja wa madereva hao, wali alipoitupia jicho skrini yake. Lile lilikuwa jiko la mama yake, na mafiga aliyopikiwa uji wa utoto wake yalikuwa yakisagwa.

“Zima, Masanja. Hapo ni kwa mama.”

“Nikizima, mama watoto, kazi sina. Na bado watampa mwingine amalizie.”

Vidole vyake havikuacha rimoti. Simu ya Nyamizi ikaita.

“Mwanangu,” mama alilia, “katapila limeingia bila hodi, wala halina mtu wa kumsihi.”

Nyamizi aliurudisha wali sufuriani.

“Yupo, mama. Nilikuwa nampakulia chakula.”