Msingi wa Sanamu ya Mwalimu Lambros

"Mita moja na nusu," alisema mchongaji. "Isipungue hata kidogo."

Stergios, fundi mwashi wa kijiji, aliegemea sururu yake akacheka mpaka kofia ikamwanguka. "Bwana Pandelis, unasimamisha kichwa au unajenga benki? Mnara wa kengele wa kanisa letu umekaa juu ya msingi wa nusu mita, na haujaenda popote."

"Udongo wa kando ya mto unazama. Shaba ni nzito."

"Si ungekubali basi tuiweke kwenye mwamba, pale shuleni!"

Mchongaji aliwapa mgongo, akatazama maji ya mto.

Wasanii wana vichaa vyao, na kijiji kilikuwa kimeshamzoea huyu. Alijitokeza mwaka uliopita bila kuitwa, akasema amesikia wanataka sanamu ya mwalimu wao Lambros, yule aliyechukuliwa na watu wenye bunduki wakati wa vita vya ndugu kwa ndugu, miaka ishirini na minane iliyopita. Akasema ataifanya bure. Mtu aliyesubu kwa shaba sanamu za majenerali na maaskofu wa nusu ya miji ya Ugiriki, bure! Sharti lake lilikuwa moja tu: isimame kando ya mto, nyuma ya kinu cha kusagia nafaka kilichobomoka, mahali ambapo hata mbuzi hawana haja napo. Eti mwanga wa asubuhi unauangukia uso vizuri.

Wazee walibishana wiki mbili. Aliyekata shauri ni Bibi Evanthia, mama yake mwalimu. "Mpeni anachotaka," alisema. "Kwangu mimi shaba ni shaba tu, popote mtakapoiweka. Shaba haioshwi."

Ubishi ukaishia hapo. Kwao maiti huzikwa, na ikipita miaka mitatu mama au dada huifukua mifupa, akaiosha kwa divai, akaiweka sandukuni pamoja na ya wazee wake. Hapo ndipo marehemu hupumzika, na aliyebaki naye akapata kupumua. Wanawake wote wa rika la Evanthia walikwisha kuwaosha wa kwao. Yeye alikuwa na sanduku, na chupa ya divai aliyoiziba kwa nta mwaka uleule mwanawe alipochukuliwa, ikakaa nyuma ya mlango. Mifupa ndiyo hakuwa nayo. Aliitafuta katika kila korongo mpaka magoti yakamgomea. Sasa alikuwa na miaka themanini na mmoja, na daktari alimwambia moyo wake hautavuka baridi nyingine. Kufa hakukuogopa. Aliogopa kuiacha ile chupa haijafunguliwa.

Kabla uso haujawa shaba, walimpeleka mjini kwenye karakana ya Pandelis akaukague. Sakafuni palikuwa na vipande vya vichwa viwili vya udongo mkavu ambavyo mchongaji alikwisha kuvifinyanga, kisha akavivunja kwa nyundo kwa sababu mdomo haukumridhisha. Mikono yake ilikuwa na makovu ya moto hadi kwenye viwiko. Alifunua kitambaa kibichi juu ya kichwa cha tatu cha udongo, na bibi akakisogelea.

"Ni yeye," alisema. Kisha akaisogeza machoni picha aliyokuja nayo, picha pekee ya mwanawe, aliyopigwa kwenye harusi ya binamu. "Lakini umemkondesha. Walimtoa mezani kwangu akiwa na mashavu yake. Na ndevu hizi umezitoa wapi? Lambros wangu alinyoa kila asubuhi, mvua inyeshe, jua liwake."

"Ni mambo ya vivuli, mama."

"Basi mnenepeshe kidogo, mwanangu. Kidogo tu."

Pandelis alichukua donge la udongo, akalipeleka kwenye shavu. Akalirudisha ndooni. "Siwezi," alisema. "Nisamehe."

Bibi alimwonea huruma. Alidhani maneno yake yameidharau kazi ya msanii, akajilaumu njia nzima ya kurudi.

Leo bibi alikuwa amekaa karibu na shimo, kwenye kiti walichomletea kutoka mkahawani, na nguo zake nyeusi za siku zote. Sanamu ilisubiri kwenye gari, imefunikwa blanketi. Stergios alitoa kichwa shimoni, jasho likimtiririka.

"Mita hiyo, Bwana Pandelis. Tukiendelea tutamgonga shetani utosini."

"Bado nusu," alisema mchongaji bila kugeuka.

Stergios akashuka tena akinung'unika. Sururu ikapiga mara tatu, nne. Kisha ikanyamaza. Aliinama, akapangusa udongo kwa kiganja, na hapo ikaonekana soli ya kiatu, na mfupa ukichomoza kwenye ngozi iliyooza. Aliruka nje ya shimo akipiga ishara ya msalaba.

Evanthia alisimama bila fimbo. Alikitazama kile kiatu kwa muda mrefu. Kisigino kilikuwa na kiraka cha mpira wa tairi, na kiraka kile alikishona mumewe kwa mkono wake, jioni moja kabla ya vita, Lambros akimcheka.

"Zisis," alimwita mpwa wake, na sauti haikumtetemeka. "Nenda nyumbani. Chupa iko nyuma ya mlango."

Stergios alijikaza akashuka tena. Hakujua aanzie wapi. Aliinua sepetu, akaishusha, akaiinua tena, akiogopa kuvunja kitu.

Mchongaji alikuwa bado amelipa shimo mgongo. Hakuwa amegeuka hata mara moja.

"Weka sepetu chini, tumia mikono," alisema. "Kichwa kiko upande wa mto. Amelala kifudifudi."